Mchinja Nguruwe na Punje Nyeupe

Kwa miaka kumi na minne Yoakimu Sulle alichinja nguruwe pale Tlawi, na kwa miaka tisa kati ya hiyo mimi nilikuwa mteja wake wa kila Jumamosi. Naanza na hilo ili msomaji asidhani nasimulia habari za watu wachafu huku mimi nimekaa pembeni, safi. Mimi ni mwalimu wa biolojia. Habari hizi zina kinyaa, na sijui namna ya kuzisimulia bila kinyaa hicho.

Banda lake lilikuwa la mabati, kando ya barabara iendayo Mbulu mjini. Alikuwa mtu wa furaha, mnene kiasi, mwenye sauti iliyosikika kabla hujamwona. Nyama aliikaanga mwenyewe kwenye karai kubwa jeusi, na hakuwa na uma wala kijiko. Alichota kipande kwa vidole, akakipuliza, akakiuma nusu, na nusu iliyobaki akamlisha yeyote aliyekuwa karibu. Mara nyingi aliyekuwa karibu ni Violeth, binti yake wa mwisho, ambaye akitoka shule alikuja kumkatia baba yake vitunguu vya kachumbari. Violeth alifungua mdomo bila hata kuinua macho kutoka kwenye kisu. Wateja tulipenda kuwaona hivyo. Tulisema huyu baba anampenda mtoto wake.

Maji ya kunawa yalikuwapo, kwenye beseni moja. Watu ishirini walinawa humo mpaka yakawa kama mchuzi.

Namna ya kununua nguruwe naijua kwa sababu nilimwona akifanya mara nyingi. Nguruwe analazwa ubavu, mti unapachikwa katikati ya taya, ulimi unavutwa nje kwa kitambaa, kisha mnunuzi anapapasa chini ya ulimi. Akisikia vijipele vigumu anajua nyama ndani ina punje nyeupe, kama mchele uliovimba. Wachinjaji wote wanajua. Mfugaji naye akiona ulimi umepapaswa kwa muda mrefu anajua, na anaanza kushusha bei kabla hajaulizwa. Yoakimu aliwachukua hao wa bei ya kutupa na kuwachinjia nyuma ya nyumba yake, mbali na macho ya mkaguzi wa nyama. Mteja akiuliza punje zile ni nini, alijibiwa kwamba ndiyo mafuta ya nguruwe wa kienyeji, yanaleta utamu.

Mimi sikuuliza. Kila mwaka, kidato cha pili, nilichora tegu ubaoni kwa chaki ya rangi: kichwa chenye ndoano, vipande vya mwili, mayai, nguruwe, mtu, mishale ikizunguka. Wanafunzi walichora, nikaweka vema. Ijumaa nilichora, Jumamosi nikala. Punje nikiziona nilizisukuma pembeni ya sinia kwa kidole, nikaendelea.

Na nguruwe wale walikula nini, hilo pia hakuna mtu mzima wa Tlawi asiyelijua. Wakati wa kilimo hufungwa. Mavuno yakishaingia huachiwa wajitafutie. Nyumba nyingi zilikuwa na choo cha nguzo nne na gunia, na wanaume wengi hawakukitumia, walikwenda shambani. Nguruwe alikuwa anajua. Alimfuata mtu kwa hatua zile zile, akasimama nyuma yake akikoroma, na kabla mtu hajafunga mkanda, pua ilikuwa imeshafika. Tulikulia kwenye jambo hilo na tulilicheka.

Mwaka juzi, mwezi wa tano, Violeth alianguka mstarini, shuleni kwetu. Alikuwa kidato cha pili, mstari wa mbele, na wimbo wa taifa ulikuwa haujaisha. Aligeuza shingo upande kana kwamba ameitwa, akaanguka chali, akakakamaa, kisha akaanza kutupa mikono na miguu. Povu lilimtoka mdomoni na sketi ikalowa mkojo. Wanafunzi karibu mia nne walimkimbia. Wengine walifunga pua kwa sweta, kwa kuwa huku kwetu watu wanaamini mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Nami nilisimama. Naweza kusema ni sekunde kadhaa, lakini zilikuwa nyingi. Kisha nikaenda, nikamlaza ubavu na kumwekea koti langu chini ya kichwa. Lile koti mke wangu alilichoma moto jioni ile, bila kuniuliza.

Alianguka tena wiki iliyofuata, na tena. Wenzake waliweka alama ya mkaa kwenye kikombe chake cha uji ili asije mtu akakitumia kwa bahati mbaya. Msichana aliyekaa naye dawati moja alihamia nyuma. Hakuna mwalimu aliyelikataza hilo, na mimi nikiwa mmoja wao. Mwezi wa saba Violeth aliacha kuja.

Nyumbani mama yake, Philomena, alifunga na kusali. Yoakimu alimpeleka mtoto kwa mganga wa kijiji cha Masieda, na mganga akasema kuna jirani mwenye kijicho. Yoakimu hakuhitaji kutafuta mbali. Kulikuwa na Patriki, ambaye waligombea naye mpaka wa shamba tangu enzi za wazazi wao. Alikwenda akasimama kwenye uwanja wa Patriki na kumwita mchawi mbele ya wanawe na wajukuu. Patriki ni mzee wa kanisa. Aliingia ndani akafunga mlango, na tangu siku hiyo watu wa nyumba hizo mbili hawakusalimiana.

Violeth akaangukia kwenye moto wa jikoni. Mkono wa kushoto uliungua kutoka kiwiko hadi vidole, ngozi ikatoka kama soksi. Hapo Philomena hakusubiri ruhusa ya mume. Alikuja kwangu akanisalimu, akasema kwa utulivu kwamba mimi ni mtu niliyesoma na nijue la kufanya. Tukaenda hospitali, Yoakimu naye akitufuata, na ya kwanza ikatutuma kwenye kubwa zaidi, nje ya mkoa, ambako kidonda kilitibiwa na kichwa kikapigwa picha.

Daktari aliiweka picha ile mbele ya taa akatuonyesha madoa madogo ya mviringo, saba au manane. Alisema ni vifuko vya mtoto wa tegu, vimekaa kwenye ubongo. Yoakimu alisema haraka kwamba basi ni kweli nyama ndiyo imemdhuru, hatamlisha tena. Daktari akatikisa kichwa. Alieleza kwamba mtu akila punje za kwenye nyama isiyoiva, anapata tegu la tumboni, refu, linaloishi humo miaka mingi. Lakini anayepata vifuko kichwani ni yule aliyemeza mayai ya tegu, na mayai hayo hayatoki kwenye nyama. Yanatoka kwenye choo cha mtu mwenye tegu. Kwa mikono isiyooshwa, kwa maji, kwa mboga. Akauliza kama nyumbani kuna mtu yeyote anayetoa vipande vyeupe, bapa, kama tambi zilizolowa.

Philomena alisema hajui. Mimi niliangalia sakafu, maana kati ya mishale yote ile ya ubaoni niliyoichora miaka kumi na moja, mshale huu mmoja, wa kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, nilikuwa sijawahi kuuchora. Haukuwamo kwenye mtihani.

Nesi alileta vikopo vitatu vya kuchukulia choo, kimoja kwa kila aliyekuwa bado akiishi nyumba ile. Yoakimu hakukipokea chake. Alitoka nje akaenda kusimama kwenye uzio, na nilipomfuata alikuwa ameshika waya kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu," aliniambia, "hivyo vipande mimi navijua. Vinatoka vyenyewe. Navikuta kwenye nguo ya ndani asubuhi, vingine vinatembea. Ni miaka sita sasa. Nilidhani kila mla nyama anavyo."

Nilimuuliza kama anapotoka chooni huwa ananawa. Aliachia waya, akavigeuza viganja vyake akaviangalia. Na mimi nilikuwa nimekula mkononi mwake miaka tisa.

Alipewa dawa ya kumeza na dawa ya kuharisha, na ndoo. Nesi alitaka kuthibitisha kwamba mdudu ametoka mzima. Philomena alikuwa na mtoto wodini, kwa hiyo niliyekaa nje ya mlango ni mimi. Baadaye nikamsikia Yoakimu anatapika ndani. Nesi aliingia na glavu. Alipotoka na ndoo sikutaka kuangalia, nikaangalia. Ulikuwa utepe mweupe uliojikunja, mrefu kuliko chumba kile, wenye pingili kama mkanda, na ulikuwa bado unajivuta polepole kama kitu kinachotafuta mahali pa kulala. Yule nesi alisema huyu si mkubwa sana. Ameshaona wakubwa zaidi.

Mimi pia nilipima choo changu. Majibu yalikuwa safi. Sikuona sababu ya kujisifu.

Yoakimu aliporudi Tlawi hakufungua banda. Siku nne hakula chochote isipokuwa chai. Alisugua mikono kwa majivu na waya wa kusugulia sufuria mpaka ikatoka damu. Philomena alimtengea sahani, kikombe na kijiko, kama wanafunzi walivyomtengea Violeth, na akawa anampikia mwisho. Mwanamke huyo ni mpole na sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Siku niliyokwenda kuwajulia hali, alikuwa anachambua maharage uani. Alisema jambo moja tu kuhusu mumewe, naye mumewe amekaa hapo hapo anasikia.

"Alimlisha mwanangu choo chake. Kwa mkono wake, huku anacheka."

Yoakimu aliinuka akachukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba, na siku hiyo alianza kuchimba choo.

Baada ya mwezi mmoja alikuja shuleni kwangu na shati la Jumapili, akaomba kusema na wanafunzi. Mkuu wa shule alisita. Tayari tulikuwa tumepata wageni wa elimu ya afya mara mbili mwaka ule. Walileta vipeperushi vyenye picha ya nguruwe anayetabasamu na familia inayonawa mikono kwenye bomba, wakati shule yenyewe haina bomba. Wanafunzi waliimba wimbo, wakapewa soda, wakapigwa picha. Vipeperushi nilivikuta chooni, vimetumika. Lakini afisa afya wa kata, kijana anayeitwa Festo, alimdhamini Yoakimu, akasema wacha huyu aseme.

Alisimama chini ya paa la bwalo na beseni lililofunikwa. Hakuwa na karatasi. Alifunua beseni akainua pande la paja la nguruwe, akalikata kwa kisu chake cha zamani, akalifungua kama kitabu. Punje zilikuwa nyingi kuliko nyama. Zilimwagika mezani. Nyuma walicheka, kama vijana wanavyocheka. Aliwaacha wacheke, kisha akaanza kusimulia: ulimi, bei ya kutupa, nyuma ya nyumba, vipande kwenye nguo ya ndani, ndoo. Hakupunguza kitu. Alieleza namna alivyotoka shambani akifunga mkanda na kuja moja kwa moja kwenye karai. Kicheko kilikwisha. Msichana mmoja alitoka nje akatapika, na baada yake wavulana wawili.

Ndipo akawauliza nani alimkimbia Violeth mstarini. Hakuna mkono ulioinuka.

"Mate yake hayana kitu," alisema. "Mngemfuta kwa kiganja msingepata lolote. Mlikimbia mate, mkaja kwangu Jumamosi mkalamba vidole vyangu."

Wakati anaendelea, nilimwona mmoja wa wanafunzi wale akijiangalia mikono, akaipangusa kwenye suruali, akaiangalia tena.

Sitasema kwamba kila kitu kilibadilika. Wanafunzi kadhaa walianza kupita nyumba kwa nyumba na Festo, wakiuliza choo kiko wapi, nguruwe wanalala wapi. Wazazi wengine waliwafukuza, wakisema hawawezi kuulizwa habari za haja zao na watoto waliowazaa. Evarist, mchinjaji aliyechukua wateja wa Yoakimu, alimwonya mara mbili kwamba anaharibu riziki za watu. Asubuhi moja Yoakimu alikuta matumbo ya nguruwe yamemwagwa mlangoni kwake, hayajasafishwa, nzi wamejaa. Philomena aliyafukia. Yoakimu alikwenda shule ya pili siku hiyo hiyo, na harufu ilikuwa bado kwenye viatu vyake.

Festo akampeleka hadi wilaya ya Hanang. Huko Gendabi, wakulima na wafugaji wanaishi mlango kwa mlango, na kwenye mkutano wa vijana nusu walikuwa watoto wa wafugaji wa ng'ombe. Nilikwenda nao kwa sababu ilikuwa likizo. Yoakimu hakuwa amefika mbali alipoinuka kijana mrefu mwenye shuka na simu mkononi, jina lake Gidamis. Alimwamkia shikamoo kwa adabu, kisha akasema kwao nguruwe haliwi, hata kumgusa hawamgusi, kwa hiyo habari hizi za kuchukiza angewapelekea wanaomla. Wenzake waliguna kukubali. Wengine walianza kuinuka.

"Kaa, mwanangu," Yoakimu alisema. "Binti yangu hakuugua kwa kula nguruwe. Aliugua kwa kula choo cha baba yake. Je, hapa kwenu hakuna jirani mla nguruwe anayejisaidia kando ya bwawa mnalochota maji?"

Gidamis alikaa. Aliuliza maswali mengi baadaye, akiwa peke yake, na moja lilikuwa kuhusu mdogo wake wa kiume ambaye huanguka, na ambaye wamemjengea kibanda chake pembeni na kumpelekea chakula kwa mti mrefu. Yoakimu alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Walikwenda wote watatu, Festo, Yoakimu na Gidamis, kumtoa yule mtoto kibandani. Nilibaki kwenye gari. Sikuweza kwenda kuangalia kibanda kile, na aibu ya hilo ni yangu.

Kuhusu Patriki, Yoakimu alikwenda kumwomba radhi Jumapili moja baada ya ibada, kwenye uwanja ule ule aliomtukania, akamwomba mchungaji asimame pale asikie. Patriki alimsamehe kwa maneno kamili, kisha Yoakimu alipomnyooshea mkono, mzee aliita mjukuu alete maji na sabuni. Yoakimu alinawa mbele ya watu wote, taratibu, mpaka kwenye viwiko. Sijui kama ile ilikuwa dharau au somo. Walishikana mikono baada ya hapo, na mikono ya wote wawili ilikuwa imelowa.

Violeth alirudi shule mwaka uliofuata, akarudia kidato cha pili. Anameza dawa kila siku, na mwaka huu ameanguka mara mbili tu. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havifunguki. Siku ya kwanza alikuta mtu ameweka tena alama ya mkaa kwenye kikombe. Hakulia. Alikipeleka mezani kwa mkuu wa shule, akasema anataka vikombe vyote vichemshwe, cha kwake na vya wengine, kwa kuwa yeye ndiye anayeogopa vyao. Tangu hapo vinachemshwa. Na baba yake anaongea naye, lakini si kama zamani. Siku moja nilimuuliza Violeth kama amemsamehe. Alisema anajaribu, ila akimwona baba anakula, anabeba sahani yake na kwenda kumalizia nje.

Mwezi wa tatu mvua zilibomoa choo cha wasichana shuleni. Ukuta wa nyuma ulikwenda na shimo likafumuka, na yaliyokuwa humo yakateremka hadi kwenye njia ya bwalo. Kwa wiki mbili tulipita tukiwa tumeziba pua, tukiruka mawe. Mkuu aliandika barua wilayani, akajibiwa asubiri bajeti. Yoakimu alisikia. Alikuja na jembe, sururu na buti za mpira, akavuka ule uchafu mpaka upande wa juu wa kiwanja na kupima shimo jipya kwa kamba. Vijana wa kidato cha tatu walimfuata, wengine kwa hiari, wengine kwa kuwa Violeth aliwaita kwa majina mbele ya watu. Mimi pia nimeingia shimoni, mara tatu. Jana tulifika mita mbili. Udongo wa chini ni mgumu, mwekundu, na upepo ukigeuka harufu ya lile la zamani inatufikia humo humo ndani. Leo tunaanza kujenga kuta za mawe.